Mchungwa Wako na Mashine ya Uzi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye kivuli, na hujapanda juu ya nguzo ya umeme ukiwa nayo mkononi. Sisi huku kwa jumla hatujambo. Hilo neno "kwa jumla" limebeba mzigo, nami nitaufungua taratibu. Kifua kimepona? Mama anasema ulipopiga simu mara ya mwisho ulikohoa mara nne. Alihesabu. Anakuagiza uache kulala na dirisha wazi, hata kama wenzako kambini watakucheka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya nyumbani unaijua, makazi yake ni juu ya meza ya cherehani, na ukipiga Jumapili Mama anafungulia sauti ili wote tusikie. Basi mimi hubaki nasema "mzima", "ndiyo", "haya", na wewe unaniuliza kama nimemeza ulimi. Sijaumeza, kaka. Ila watu wakinitazama unakwama kama mlango wa bafuni kwetu. Kwenye karatasi ndipo ninapokuwa mtu, ndiyo maana uliniita Katibu. Leo Katibu ana ripoti. Dereva wa kampuni yenu anakuja kesho kuchukua vipuri, na ameahidi kuifikisha.

Nimeanza kuandika mara tu nilipovua sare ya shule, na nimeshainuka kitini mara mbili kwenda nyuma ya nyumba na kurudi. Nakuambia mapema: ni kuhusu mchungwa wako, ule ulioupanda mwenyewe. Umesimama, una majani, ukiutazama kwa mbali hutaona kitu. Lakini unaweza kufa. Tafadhali usikimbilie ukurasa wa mwisho. Soma kwa mpangilio, kwa sababu ukiruka utamkasirikia mtu asiyestahili, na nyinyi wawili mmeshakasirikiana vya kutosha.

Nianze na Baba. Bega limeunga, lakini limeunga kwa kiburi. Daktari amesema mkono wa kushoto utainuka mpaka usawa wa kifua na hapo ndipo mwisho wake. Ni miezi minane sasa tangu aanguke kwenye ile ngazi ya tangi la maji. Mabomba hashiki. Mafundi wenzake mwanzoni walikuja wengi, wakapungua, na sasa anakuja yule mfupi tu wanayemwita Spana. Spana naye huja kuuliza bomba fulani lilipita wapi chini ya ardhi, maana ramani zote za mtaa huu ziko kichwani kwa Baba. Akishajibiwa anaaga. Baba anabaki dirishani anatazama ua.

Na ua, kaka, uliota. Nyasi zilifika kiunoni kwangu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akifyeka kila Jumamosi, mstari umenyooka kama amepiga kamba. Sasa fyekeo linataka bega, na bega hilo halipo. Mimi nilijaribu mara moja. Nyasi zililala kunisalimia, nilipopita zikainuka. Mama akamleta mtu wa kufyeka kwa malipo. Baba akatoka na kandambili zake, akasimama mbele ya yule mtu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba ua huu hautafyekwa na mgeni wakati mwenyewe anapumua. Yule mtu akabeba fyekeo lake akaenda zake. Siku hiyo Mama aliongea na cherehani tu mpaka jioni.

Mahali pamoja tu hapakuwa na nyasi, na hili wewe hukuliona kwa hiyo nakuambia. Kuuzunguka mchungwa wako palikuwa safi. Kila asubuhi Baba alipiga magoti akang'oa nyasi moja moja kwa mkono mzima. Ukipiga simu anakuambia mchungwa umetoa maua, mchungwa una vidudu, mchungwa nimeutilia samadi. Mama anasema hajui kuzungumza nawe kitu kingine tangu siku ile uliyosema hutaki kazi ya bomba ukaondoka. Mimi siingilii mambo ya wakubwa, naripoti tu.

Wazo la mashine ya kufyekea lilitoka kwa Mama. Mteja wake mmoja wa sare alimsimulia, naye akalileta mezani wakati wa kula. Baba alicheka, akauliza tangu lini nyasi zikaenda kwa kinyozi. Kesho yake akauliza, kama vile hataki kujua, eti hizo mashine zina uzito gani. Keshokutwa yake akauliza kama zinatetemesha mkono. Mama akanikonyeza. Nikapewa kazi: nitafute karatasi za matangazo, nizisome, niseme ipi inafaa. Karatasi zote zimeandikwa kwa lugha ya shule, na tangu uondoke hapa nyumbani ni mimi peke yangu ninayeisoma bila kutoka jasho.

Ungeniona kwa hizo wiki mbili ungecheka mpaka ukae chini. Nilichora jedwali. Nikajua kwamba mashine hizi zinakata kwa uzi mnene wa plastiki unaozunguka kwa kasi, hazina kisu, na kwamba zipo za aina tatu. Ya petroli ina nguvu lakini ni nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na kuiwasha unavuta kamba kwa nguvu huku umeikandamiza kwa mkono wa pili. Ya waya wa umeme ni nyepesi, lakini waya unakufuata kama mbuzi wa kamba, na sisi soketi iliyo karibu ni ya jikoni. Ya betri ni nyepesi, inawashwa kwa kitufe, ila betri inachoka baada ya nusu saa. Ninaungama jambo dogo kwanza, kubwa litafuata: mimi niliipenda ya betri hata kabla ya kufikiria bega la Baba, kwa sababu haina kelele. Mwalimu mstaafu jirani yetu ana ya petroli, na akiiwasha mitaa mitatu inatoka nje kutazama. Nilijua kuna siku nitatumwa kuishika, na sikutaka kutazamwa.

Subiri, nimesikia hatua. Nimekwenda kuchungulia. Ni Mama tu, amekwenda kuanua nguo. Naendelea.

Jumamosi ya wiki juzi tulikwenda wote watatu kwenye lile duka la zana karibu na kituo cha mafuta. Muuzaji wake anachomeka kalamu masikioni, moja kila upande, sijui huwa anaandika na ipi. Kabla hatujasema tunataka nini alishabeba ile ya petroli akaiweka mbele ya Baba. Akasema mzee, hii ndiyo mashine ya mwanamume, ukiiwasha mtaa mzima unajua mwenye nyumba yupo. Akaiwasha humo humo ndani. Moshi ukajaa. Mama akakohoa na kumuuliza kama inakata nyasi au mapafu ya watu. Muuzaji akasema zipo za betri, lakini hizo ni za kina mama wenye maua mawili kwenye kopo.

Baba akataka kuijaribu mwenyewe. Akaiinamia, akaikandamiza kwa mkono wa kulia wenye nguvu, akainua wa kushoto kuvuta kamba. Mkono ukafika kifuani ukasimama. Dukani tulikuwa watu kama saba na wote waliona. Muuzaji akatazama dari. Baba akasema kamba ni ngumu.

Kamba haikuwa ngumu, kaka.

Sijui nini kilinipata pale. Nilisikia sauti inasema kwamba hii ya betri haina kamba, ina kitufe, na mkanda wake unavaliwa bega la kulia, uzito wote unakaa huko. Ilikuwa sauti yangu. Mama alinigeukia kama amesikia paka akihutubia. Baba akaichukua mashine, akavaa mkanda, akaipitisha kulia na kushoto juu ya sakafu ya duka. Mgongo wake ulinyooka. Akasema neno moja tu, "Hii." Muuzaji akaguna, akamuuliza mzee kweli unachukua huyu kinyozi wa maua? Baba akamtazama zile ndevu zake ndefu, akamjibu kwamba nimeshaona wewe kinyozi humpendi. Dukani watu walivunjika mbavu.

Sasa sikiliza hili la maelekezo. Yule muuzaji ana desturi yake, mashine haitoki dukani mpaka kitabu cha maelekezo kisomwe kwa sauti mbele ya mnunuzi. Anasema amechoka na watu wanaorudisha vitu vilivyoungua na kuapa kwamba hawakuambiwa. Kwa kawaida hukisoma yeye, kwa kubahatisha. Baba akasema hapana, binti yangu atasoma. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkono mbaya juu ya goti. Nikasimama katikati ya duka nikasoma na kutafsiri, mstari kwa mstari, na kila mstari Baba alitikisa kichwa. Nilipofunga kitabu alimwambia muuzaji kwamba nasoma kama mtangazaji wa redio. Kaka, paweke alama hapo dukani. Nitaparudia.

Alasiri ile ile Baba alivaa ovaroli yake ya bomba. Mama alipoiona alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Tulisimama mlangoni kama watazamaji wa mpira. Mwalimu mstaafu akatokeza kichwa juu ya ukuta akauliza hiyo ni mashine au ni nyuki, Baba akamjibu ni nyuki anayejua kazi. Alifyeka nusu ya ua, betri ikaisha, akaisubiri ijae huku amekaa juu ya ndoo kama dereva anayesubiri abiria, akainuka akamaliza nusu ya pili. Mchungwa wako aliuacha mwisho. Akasema huu sasa nitaupamba. Akauzunguka mara tatu, kila mzunguko akisogea karibu zaidi, mpaka chini ya shina pakawa peupe kama utosi. Tulipiga makofi. Usiku huo alikula akaongeza, akajiita Fundi Nyasi, na Mama alicheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

Kesho yake ulipiga simu. Unakumbuka alichokuambia? Kwamba amefyeka ua wote kwa mkono wake, na mti wako ameuweka kama bwana harusi. Ukacheka. Naye akacheka. Mlicheka pamoja mpaka laini ikakatika, na Mama akashika simu kifuani muda mrefu kabla hajairudisha mezani.

Jumatatu nikitoka shule nilikwenda kukusanya nyasi zilizokatwa. Pale chini ya mchungwa nikaona kitu cheupe. Nilidhani ni karatasi. Nikachuchumaa. Gome lilikuwa limeliwa. Si mkwaruzo, kaka, ni pete nzima, upana wa vidole vitatu, mti umebaki mfupa mtupu, na ule mfupa ulishaanza kugeuka kahawia. Uzi wa plastiki ukizunguka kwa kasi ile hukwangua gome changa kama unavyomenya karoti. Nilipitisha kidole kulizunguka shina nikitafuta hata mahali padogo lilipobaki. Nikazunguka tena. Hapakuwa na kitu.

Nikachukua nyasi kavu nikafunika.

Najua unachowaza sasa. Unawaza: Baba. Huwa hasikii, huwa anajua kila kitu, hata mti wangu. Ndiyo maana nilikuomba usome kwa mpangilio. Vumilia kidogo.

Nimetoka tena kuuangalia. Jani moja la tawi la chini limejikunja kidogo, au ni kivuli, au lilikuwa hivyo toka zamani. Siku hizi sijui tena jani la kawaida linafananaje. Darasani naandika nusu ya sentensi naacha. Mwalimu wa hesabu ameniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, nikatikisa kichwa, sijui alielewa ndiyo au hapana. Kila nikirudi naupitia mchungwa kabla sijavua viatu. Majani ni ya kijani. Yanang'aa. Kesho tena ya kijani. Ningefurahi kama yangenyauka mara moja watu wakaona, kuliko kukaa na mti unaotabasamu.

Kwenye njia ya shule kuna kitalu cha miche cha mama mmoja anayevaa buti za mpira hata jua likiwaka, wanamwita Mama Miche. Nilipita mbele yake siku saba bila kuingia. Siku ya nane nilikuwa nimeandika swali langu kwenye karatasi, nikamkabidhi kama mgonjwa anayekabidhi cheti. Alisoma, akanitazama, akauliza mbona mdomo ninao. Halafu akaniambia mti huo tumeunyonga. Chakula cha mti, alisema, hushuka kwenye mizizi kwa kupitia kwenye gome, na sisi tumeukaba koo. Majani yanaendelea kunywa maji kutoka chini kwa hiyo hayajapata habari. Yatapata. Mizizi ikifa njaa, hakuna daktari.

Niliuliza kama kuna dawa. Akasema ipo, lakini si ya uhakika. Anakata vijiti vyenye unene wa penseli kutoka kwenye matawi ya mti wenyewe, anachomeka ncha moja chini ya kidonda na nyingine juu yake, anafunga kwa nailoni, anapaka nta. Vinakuwa kama madaraja, chakula kinapita juu yake. Vikishika, mti unapona. Lakini lazima iwe wiki hii, gome likiwa bado bichi. Nikamwomba aje mchana Baba akiwa amelala. Akakataa katakata. Alisema mti una mwenyewe na ua una mwenyewe, na yeye alishawahi kukimbizwa na mbwa wa watu mara moja, ile mara moja imemtosha. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema sijui.

Nilijua. Na sasa nifike pale nilipokuambia uweke alama.

Ukurasa wa nne wa kile kitabu, mstari wa saba, pameandikwa kwamba uzi usikaribie shina la mti, acha nafasi ya viganja viwili au uzungushie shina kinga, maana uzi huondoa gome na mti unaweza kufa. Nilikuwa nimekwishaukuta mstari huo kwenye zile karatasi za matangazo. Niliuelewa vizuri kabisa. Hata nilipokuwa nasoma dukani nilijua unakuja. Lakini nilipofika juu ya ukurasa wa nne akaingia yule mvulana anayekaa dawati la mbele yangu, amekuja na baba yake kununua misumari. Akasimama kusikiliza. Akatabasamu, pengine hata si kwa ubaya. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe imejaa duka zima, masikio yakawaka moto, nikafunua kurasa mbili kama moja, nikarukia sehemu ya kusafisha mashine. Baba akauliza imeisha? Nikasema imeisha. Akanisifu.

Kwa hiyo si Baba, kaka. Unamjua alivyo na maelekezo, mtu anayepima bomba mara tatu kabla ya kulikata. Angeambiwa viganja viwili angeacha vitatu. Alikaa kwenye kile kiti akatikisa kichwa kwa kila nilichompa. Alifanya yote niliyosoma. Mimi ndiye sikusoma. Halafu nikafunika kwa nyasi, na siku kumi nikamwacha akisimama pale kila asubuhi kuusifu.

Jana nimemwambia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anaisugua mashine kwa mswaki wa zamani, kama inavyotakiwa. Nilisimama mbele yake mpaka akauliza nina nini. Nikaenda ndani nikaleta kitabu, nikafungua ukurasa wa nne, nikausoma kwa lugha ya shule na kuutafsiri, kama dukani. Alitikisa kichwa kwa mazoea. Nilipofika mstari wa saba kichwa kikasimama. Akaniambia niurudie. Nikaurudia. Akauliza kama ulikuwepo siku ile. Nikasema ulikuwepo.

Aliuweka chini mswaki. Alikwenda kwenye mchungwa akapiga magoti, akaondoa nyasi zangu, akapitisha kidole kuzunguka shina lote, mzunguko mzima, na wa pili. Nilijua anatafuta nini. Nilingoja anigombeze. Akauliza tu nimejua tangu lini. Nikamwambia siku kumi. Akasema, "Siku kumi unakula na mimi meza moja." Hakupandisha sauti. Kaka, heri angenichapa. Baadaye kidogo akasema, kama anaongea na mti, kwamba na yeye aliona vitu vyeupe vinaruka akadhani ni nyasi kavu, raha ilimziba macho. Halafu akanituma kwa Mama Miche, nikimbie, kabla hajafunga.

Alikuja leo asubuhi, nikakosa vipindi viwili vya kwanza. Alivyoona ile pete alimuuliza Baba kama watoto wake nao aliwanyoa hivi, na kama walibaki na masikio. Baba alicheka kidogo, kicheko cha upande mmoja. Vijiti nilivikata mimi, Mama Miche akinionyesha kipi na kipi. Tawi la chini lilitakiwa kushikiliwa lisimguse usoni wakati anafunga, na Baba akaliinua kwa mkono wa kushoto. Akalishika hivyo mpaka kijiti cha mwisho, jasho linamtiririka, na tulipomwambia tumpokee alisema tusimsumbue. Madaraja ni matano. Mama Miche anasema tutajua baada ya wiki tatu au nne. Vikifa vitatu vikabaki viwili, yatosha. Hata kimoja kinaweza. Hakuahidi.

Sasa lililobaki ni moja, na ndilo limenifanya nishike kalamu badala ya kungoja Jumapili. Mama Miche alipoondoka, Baba alinawa mikono pale bombani, akasema bila kunigeukia kwamba kaka yako asijue. Mti ukipona, atakuambia mwenyewe kama hadithi ya kuchekesha. Ukifa, atapanda mwingine mahali pale pale, wa ukubwa ule ule, na wewe ukirudi hutatambua. Jumapili atakuambia mchungwa haujambo. Mama akaingia ndani kwenye cherehani yake. Halafu Baba akanitazama mimi akasema wewe najua utanyamaza, kunyamaza ndiyo kazi yako.

Nikatikisa kichwa kwamba sawa.

Nikaenda shule na huo "sawa" shingoni. Nimerudi nao. Nimejaribu kuumeza mara nyingi toka nianze ukurasa wa kwanza, ndiyo maana nainuka inuka hivi. Nilikuwaza Jumapili unacheka, na yeye anacheka, na mimi nimesimama nyuma ya cherehani ninajua. Siwezi, kaka. Siku kumi zilinitosha. Unikasirikie mimi, una haki, mti ni wako. Lakini yeye usimpigie simu na sauti ile ya siku uliyoondoka, nakuomba. Amekaa nje sasa hivi, kwenye ile ndoo, ameuelekea mchungwa, na kila upepo ukivuma anasogeza kichwa kutazama kama nailoni zimelegea.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi. Spana anakusalimu, anauliza kama huko kwenu kuna nafasi za mafundi. Mwalimu mstaafu anakusalimu, kanunua na yeye ya betri ila anaificha. Salamu za Baba bado sina, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Bahasha nimeshaiandika jina lako lakini siifungi kwanza. Nakwenda huko nje nikakae chini karibu na ile ndoo, nimsomee barua hii yote, tangu shikamoo mpaka hapa, na hata yeye akikunja uso, kesho dereva ataipata.

Wasalaam,

Ni mimi mdogo wako.